Meza ya Jozi

Siku ya kukabidhi kazi, karakanani kwangu Kicukiro tulikuwepo mimi, wadogo zangu Aline na Eric, ninaowalea tangu tufiwe na wazazi, na Mama Zuhura, mteja wetu Mtanzania. Alikuwa ameniletea mbao nzito za kahawia iliyokolea, akaagiza meza ya jozi kwa karamu ya bintiye. Jozi naijua, hata viatu ni jozi. Nikaranda kwa furaha. Randa iliteleza kama kwenye sabuni, na nilipopaka mafuta, mistari ya mti iling'aa. Nikafunua turubai kwa madaha: meza mbili ndogo, pacha.

"Fundi, ya pili ya nini?"

"Si ulisema jozi, mama?"

"Jozi ni jina la mti huo, mwanangu."

Aline alicheka mpaka akakaa chini. Mbao zimekwisha, karamu ni Jumamosi, na meza moja kubwa aliyoitaka bado ananidai.