Antena ya Chini ya Kitanda

Mteja akinirudishia antena iliyovunjika shingo, simuulizi ilikuwaje. Mvua ilinyesha. Huku kwetu milimani, Kisii na Nyamira, mvua hupiga hodi karibu kila alasiri, na ikishapiga hodi kila mtu ana kazi yake. Huyu anafunika kioo kwa shuka, yule anazima simu, mwingine anaivuta antena kutoka dirishani, anaikunja apendavyo, anaizungushia leso na kuisukuma chini ya kitanda. Radi haioni chini ya kitanda. Jua likitoka, antena inatolewa, inanyooshwa kwa nguvu, inarudishwa mahali pake. Antena za dukani hazikuumbwa kwa maisha hayo. Zikibahatika zinavumilia msimu mmoja, kisha zinakatika pale waya unapoungana na chuma, na lawama naletewa mimi.

Nina kibanda karibu na soko la Daraja Mbili, kati ya muuza mitumba na mama wa ndizi. Natengeneza antena za redio, za simu za mezani zinazotumia laini kama za mkononi, na za redio za mkononi wanazobeba walinzi wa mashamba ya chai. Wanawake wenzangu huniuliza kama sikuona kazi nyingine. Niliziona, ila hii alinifundisha kaka yangu, na meza ninayofanyia kazi ilikuwa yake.

Kaka alipigwa na radi kwetu Gesima akiwa shambani kwa chai, redio ndogo ikiwa shingoni na antena yake imevutwa nje. Alikuwa amejikinga chini ya mkaratusi mrefu. Mimi husema ni mkaratusi ulioita radi. Majirani walisema ni antena, na mama akawaamini. Tangu hapo nina ugomvi na watu wa milima hii, ingawa wenyewe hawaujui.

"Fundi, hii kitu haiwezi ita radi?" aliniuliza mzee mmoja kutoka Kenyenya, ameishika antena kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Mzee wangu, radi haina haja na kitu kifupi hivyo. Wewe ogopa mti."

"Lakini kuna kijana wa Gesima, wanasema... Na lisemwalo lipo."

"Ulikuwa mti," nikamkata, na sikumwacha amalize.

Mama anaishi peke yake bondeni, chini ya kilima kinachozuia mawimbi yote ya simu. Ana presha. Aliwahi kuanguka jikoni alasiri ya mvua, akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Nilimsihi ahamie kwangu mjini, akakataa. Kaburi la mwanawe liko kando ya nyumba, kwenye migomba, na hawezi kuliacha. Basi nikamnunulia simu ya mezani, ile yenye tundu la antena mgongoni, nikaapa kumtengenezea antena isiyovunjika hata aikunje mara ngapi.

Nilianza na waya wa breki za baiskeli, ukikunjwa haunyooki tena. Nikajaribu waya wa shaba, ukachoka na kukatika. Mwishowe nikachukua futi ya seremala, ile ya chuma inayojikunja kwenye kikopo chake, nikaikata na kuikwangua rangi. Ukiikunja inakubali, ukiiachilia inanyooka yenyewe. Kwenye maungio sikuulehemu waya moja kwa moja. Niliacha kitanzi cha shaba iliyosukwa, nikakivika mpira wa tyubu ya baiskeli, ili mkunjo uishie kwenye mpira kabla ya kuifikia risasi ya kulehemia.

Nilikuwa nakaza mpira ule nilipomsikia kaka nyuma yangu akisema polepole, shingo ndiyo hufa kwanza. Enzi za uhai wake alikuwa akiniambia hivyo kila siku. Nikageuka. Mama wa ndizi alikuwa akipanga mikungu yake. Niliogopa, na sifichi kwamba nilifurahi pia.

Mama aliipokea antena kwa ncha ya leso, hakutaka iguse mkono wake. Lakini alizoea. Kila asubuhi alinipigia kunipa habari za ng'ombe na za kanisani. Mawingu yakikusanyika alikata simu, akaikunja antena, akaiweka chini ya kitanda. Misimu ikapita na antena haikuvunjika. Nilikuwa nimemtengenezea mama kitu imara kabisa, na bado hakuna aliyeweza kumpata saa ileile niliyomhofia. Mvua ikianza hapa sokoni, wauza mboga wakivuta maturubai, mimi nilikaa nikiitazama simu iliyokaa kimya.

Alasiri moja ya masika ikalia. Mabati yalikuwa yanapigwa na mvua hata nusura nisiisikie. Ilikuwa namba ya mama.

"Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa tu."

Nyuma ya sauti yake nilisikia ngurumo, kisha mkwaruzo mrefu.

"Antena iko wapi?"

"Dirishani. Leo sijaikunja. Unasikia huo mlio? Juzi nilichelewa kuitoa, nikamsikia kaka yako ndani yake. Ni yeye, mwanangu. Na mimi miaka yote hii nimekuwa nikimfungia chini ya kitanda."

Simu za siku hizi hazipitishi mkwaruzo wa radi. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Na mkwaruzo niliusikia.

Mbele yangu alisimama mteja, antena mpya mkononi, nimetoka tu kumhakikishia kwamba haina madhara. Nikapiga ukelele.

"Mama, itoe! Itoe sasa hivi, ikunje, iweke chini ya kitanda!"

Mteja aliirudisha antena mezani, akajifunika gazeti kichwani na kutoka mvuani.

"Si wewe husema ulikuwa mti?" mama akaniuliza, bila hasira.

 Nilianza kulia, nikimsihi kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kama mtoto, aikunje, tafadhali aikunje.

"Basi nyamaza," akasema. "Unanizuia kumsikia."

Nikanyamaza, nikaibana simu sikioni, nami nikasikiliza.