Jini la Umau Kiema

Wasee, babu yangu alishikwa na jini hapo kwetu karibu na Tala, na ni mimi peke yangu nilielewa lile jini linasema nini.

Na nikanyamaza siku mbili nzima. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Mimi naitwa Nzisa. Niko chuo kikuu Nairobi, na nyumbani walijua nasoma sheria. Uongo mtupu. Sheria niliikosa, nikapewa Kilatini na Kigiriki cha kale. Darasani ni mimi na mwalimu tu. Akiugua, nakaa na viti.

Baba yangu, Mutinda, anashona nguo kiwandani EPZ. Wenzake wanamwita Baba Wakili. Ashaniletea kesi tatu za mashamba nizisome. Sasa mtu kama huyo unaanzia wapi kumwambia ukweli?

Likizo ya Aprili nilimkuta Umau, ndivyo tunavyomwita babu, hajaongea tangu apate kiharusi mwezi wa tisa. Alhamisi moja shangazi Kamene akimnywesha uji, mzee akafungua mdomo. Sentensi moja, kwa lugha isiyo ya hapo kwetu. Akatazama mlango, akangoja, akairudia ile ile.

Shangazi akaangusha kikombe. Kufikia saa sita mchana kila mtu alijua mzee Kiema ana jini, tena la kununuliwa Mombasa. Jumamosi wangempeleka kwa mhubiri mmoja anayewafunga wagonjwa kamba na kuwanyima chakula mpaka pepo litoke.

Umau alikuwa na miaka sabini na nane. Huko hangerudi.

Na mimi nilijua. Kilikuwa Kilatini cha misa ya zamani. Umau alitumikia altareni misheni akiwa mtoto. Padri anasema nusu ya kwanza, mtoto anajibu. Mzee alikuwa anajibu, halafu anangoja padri aendelee. Hakuna aliyeendelea.

Lakini nikisema, wataniuliza nimejulia wapi.

Jumamosi gari likaja. Baba akamshika Umau mkono amwinue. Hapo nikashindwa. Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikasema ile nusu ya kwanza, watu wote wakisikia.

Umau akanijibu. Nikaendelea. Akajibu tena, machozi yakimtoka, mpaka tukafika mwisho wa ninachokijua.

"Hiyo umefunzwa wapi?" baba akauliza.

"Chuo, baba. Hiyo ndiyo nasoma. Sheria haijawahi kuwa."

Akauachilia mkono wa Umau, akatoka nje. Gari likarudi tupu.

Tangu siku hiyo baba hakuniongelesha. Miezi minne. Kila wikendi nilirudi nyumbani nikasalimu mgongo wake, kisha nikaingia kwa Umau tukajibizana. Baba alikuwa nje chini ya dirisha la Umau na cherehani yake, kimya.

Agosti Umau akatuacha.

Kaburini, nyimbo zilipoisha, nikajikuta nimesema nusu ya kwanza. Mazoea tu. Nikangoja. Hakuna kitu. Sijawahi kuwa mpweke hivyo, hata na vile viti.

Ndio nikasikia jibu nyuma yangu. Lilikuwa limevunjikavunjika, maneno mawili yamekosewa, lakini lilifika mwisho.

Nikageuka. Alikuwa baba, kofia mkononi, macho chini.

Jamani, kabla hujamtoa mtu pepo, kaa naye ujue anangoja kusikia nini. Na wewe uliyenuniwa huko kwenu, endelea tu kusalimu. Mtu anaweza kukunyamazia miezi minne na bado anakusikiliza.