Pikipiki ya Theluji Midrand

Majira ya baridi ya mwaka 2017 nilikuwa fundi umeme kwenye gereji moja ya Midrand. Tulitengeneza mashine za watu wa starehe: boti ndogo za mabwawani, pikipiki za magurudumu manne, vigari vya uwanja wa gofu. Tulikuwa mafundi watatu na bosi. Wenzangu wawili walizungumza Kizulu kutwa, kwa furaha, wala hawakuwa watu wabaya. Ila Kizulu changu kiliishia kwenye salamu na kuomba spana, na utani wao ulinifikia ukiwa umeshapoa.

Chumbani kwangu, mtaa wa Bertrams, nilikuwa nimebaki peke yangu tangu Machi. Fundi cherehani Mkongo niliyepanga naye alihamia Cape Town kwa dada yake. Tulikuwa tukigombana kwa Kiswahili kuhusu sufuria, kuhusu chumvi, kuhusu sauti ya redio, na sikujua kwamba ugomvi ule ndio uliokuwa ukinitosha. Alipoondoka, zilipita siku nne au tano bila kutamka neno la Kiswahili isipokuwa kwenye simu. Na simu yenyewe nilianza kuikwepa, maana nyumbani Njombe kila aliyepokea aliuliza narudi lini.

Asubuhi moja ya Julai liliingia trela lililobeba mashine ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Mbele ilikuwa na mbao mbili za kutelezea, nyuma mkanda mpana wa mpira kama wa tingatinga. Bosi alisema ni pikipiki ya theluji, inatoka milimani Lesotho, kwenye kituo ambako watu huenda kuteleza wakati wa baridi. Wenzangu wakaizunguka wakicheka na kupiga picha. Mimi nikapewa karatasi ya kazi, kwa sababu tatizo lilikuwa la umeme: vishikio vya usukani vinavyopashwa moto vilikuwa vinawaka na kuzima jinsi vinavyotaka vyenyewe.

Aliyekuja nayo ndiye aliyekuwa akiiendesha, Mosotho wa makamo aliyejifunga blanketi begani juu ya koti la kazi. Nilimwita ntate, kama wanavyowaita wakubwa wao. Alinieleza kwa Kiingereza cha polepole, ambacho kilinifaa, kwamba kazi yake ni kupanda hadi kileleni alfajiri kukagua mabomba ya kutengenezea theluji, na kuwashusha wanaovunjika miguu. Akavua glavu ya kulia akanionyesha vidole viwili vyenye ngozi iliyokufa nchani. Siku vilipoungua na baridi, alisema, kishikio cha kulia kilizima akiwa mbali na hakukuwa na pa kujificha na upepo.

Nilianza na swichi, iliyo upande wa kushoto wa usukani. Nilipoifungua nikakuta imeshika uchafu mweusi. Nikaisafisha, nikaipima, ikapitisha umeme vizuri. Vishikio hivyo hupata umeme injini ikiwa inazunguka tu, basi tukaisukuma mashine uani, tukainyanyua nyuma kwa jeki, nikawasha. Baada ya dakika chache vishikio vyote viwili vilikuwa vya moto. Nikamwambia kazi imekwisha, nami nikiona fahari kidogo.

Yeye akapanda, akashika usukani, akaukata kushoto, kulia, tena kushoto, kama mtu anayeteremka mlima wake. Muda si mrefu akatikisa kichwa.

"Imekufa tena," alisema.

Nilipogusa kishikio cha kulia kilikuwa kinapoa. Niliona aibu. Nilikuwa nimeipima mashine usukani ukiwa umenyooka, kwa sababu uani petu hapakuwa na sababu ya kuukata. Yeye hakunilaumu. Alisema tu kwamba kule kwake hakuna njia iliyonyooka.

Siku ya pili nilirudi na kuanza upya. Nilimwomba aukate usukani taratibu huku mimi nikifuata nyaya kwa kipimo, inchi baada ya inchi. Chini ya usukani, mahali nyaya zinapopinda, kuna mtu zamani alizifunga na kamba ya plastiki kwa kukaza mno. Kwa nje waya ulikuwa mzima. Nilipoubonyeza kwa kidole ukalegea kama mshipa usio na damu, na nilipoupasua, shaba ndani ilikuwa ya kijani na imekatika. Usukani ukinyooka, ncha ziligusana, ukikatwa, ziliachana. Nikakata sehemu mbovu, nikaunga kipande kipya kwa risasi iliyoyeyushwa, nikakivisha mpira, kisha nikaziachia nyaya nafasi ya kutosha kupinda.

"Safari hii kaa wewe," ntate aliniambia. "Vua glavu. Ukate usukani mpaka uchoke."

Nikakaa. Ilikuwa mchana, jua kali la nyanda za juu za Highveld lisilopasha moto kitu, na upepo ulikuwa ukivuta vumbi kutoka barabarani. Nilikata kushoto na kulia. Joto likaja polepole kwenye viganja, likabaki. Sijui nilikuwa nimekaa muda gani nilipogundua kwamba nilikuwa nikijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho mkono wangu ulishikwa na kitu chenye joto. Tangu Mkongo alipoagana nami kituoni, hakuna aliyenishika mkono zaidi ya wenzangu kugonganisha ngumi asubuhi. Macho yakanijaa machozi. Nikainamisha uso kama mtu anayesikiliza injini.

Ntate alikuja akasimama upande wa upepo. Akauliza kwetu ni wapi, nikamwambia. Akauliza hapa huwa nazungumza na nani.

"Na nyaya," nilimjibu.

Hakucheka. Akanisimulia kwamba mke wake alifariki, na miezi yote ya baridi yeye hulala peke yake kwenye kibanda cha juu. Mwaka mmoja ilimpita wiki nzima bila kusema lolote. Kisha akaitwa kwenye redio ya upepo, na alipojibu, sauti haikutoka. Wenzake wa chini walidhani amezikwa na theluji, wakapanda kumtafuta, wakamkuta amekaa jikoni anakunywa chai. Aliona aibu kubwa. Tangu siku ile huwa anawapigia kila asubuhi kuwaambia hali ya mawingu, hata wasipouliza.

Alipoondoka jioni alinipa mkono, akauacha ndani ya wangu muda mrefu kuliko desturi ya mjini. Akanikaribisha nikaone theluji. Nilimwahidi nitakwenda, ingawa sote tulijua vibali vyangu visingenivusha mpaka na kunirudisha.

Jumapili iliyofuata nilipanda taksi hadi mtaa wa Hillbrow, nikatafuta kinyozi wa Kikongo niliyewahi kusikia habari zake. Kiswahili chake na cha wateja wake kilichanganyika na Kifaransa, changu waliona kama cha kwenye redio, na wakanicheka kwa namna iliyonifanya nibaki hadi wanafunga. Nikawa naenda kila Jumapili, nywele zikihitaji kukatwa au zisihitaji. Haikuniponya. Jumatatu nilirudi kwenye ukimya uleule, ila sasa nilianza kupokea simu za nyumbani, na walipouliza narudi lini nilisema sijui, nikawauliza mvua imenyeshaje.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata trela lilirudi na mashine ileile, safari hii ikiwa na tatizo la mkanda. Dereva alikuwa mwingine, kijana. Nilimuuliza habari za ntate. Alisema aliacha kazi, amerudi kijijini kwake kwa ng'ombe wake, na hakuwa na namba yake ya simu. Kazi ya mkanda haikuwa yangu. Nilisimama kidogo kando ya mashine, kisha bosi akaniita kwenye kigari cha gofu kilichokuwa kikikataa kuwaka.