Shemeji Mwenye Alitafuta Assurance ya Bei Chini

Annonciata wa Karuba hakusamehe, na hakukuwa na mupango wa kusamehe. Padri alimukuta kwa njia akamuambia maneno mazuri juu ya kuachilia. Akajibu, "Padri, tangulia. Mimi niko nyuma." Akaweka gunia ya viazi kwa mugongo, akateremuka soko ya Mushaki.

Mwenye alikuwa amemuwekea hasira ni shemeji yake Edmond, ndugu mukubwa wa bwana yake Luc. Edmond anaishi Ubelgiji, Liège. Luc alipogonjwa, Annonciata alimupigia Edmond mpaka kidole ikachoka. Simu ilikuwa inalia, hakuna mutu. Siku Luc alikufa, Edmond akapata sauti. Alituma audio, na watu wakaiweka kwa haut-parleur, kila mutu asikie, katikati ya kilio, maiti ingali ndani ya nyumba:

"Poleni wote. Sasa juu ya ile shamba ya Karuba. Sisi tulitoa ngombe kwa kuoa ule mwanamuke. Yeye ni wa nyumba yetu, na chake ni chetu. Nitakuja kuiuza."

Hivyo tu. Hata jina ya marehemu hakutaja.

Na hiyo shamba haikukuwa ya Luc. Baba ya Annonciata njo alimupa, mbele ya watu, juu vijana wake wote vita iliwamaliza. Annonciata aliikimbia mara mbili na mutoto kwa mugongo. Mara ya kwanza walilala kambi ya Kitshanga, chini ya sheeting, ile hema ya plastiki, yenye kuvuja. Mara ya pili walienda mpaka Walikale kwa wajomba zake, kule kwa pori, akajifunza kula nyama yenye hajui jina. Aliporudi alikuta majani inamupita kichwa. Akalima peke yake mpaka ikatoa tena maharagi na viazi. Hakuna jembe ya Liège iliyowahi kugusa pale.

Lakini kwa desturi, ngombe za mahari ziko na mudomo mukubwa. Mwanamuke mwenye alitolewa ngombe ni wa ile nyumba. Kama Edmond anasema chake ni chetu, wazee wanakuna kichwa, wanasema labda, labda. Annonciata alikaa na ile "labda" miaka miwili kama mwiba ndani ya kisigino.

Kisha Edmond akatangaza anakuja. Mununuzi alikuwa tayari, Papa Evode, mutu wa ngombe mingi mwenye alitaka ile kilima kwa malisho.

Edmond alishukia Kigali, akavuka mupaka mpaka Goma, na pale njo alianza kutafuta jeep ya kukodi. Annonciata alijua yote juu Edmond mwenyewe alikuwa anatuma audio kwa groupe ya famille, moja nyuma ya ingine, kama redio.

Audio ya kwanza: mama wa bureau ya kukodi alitaka kumuuzia assurance, bima ya kila kitu. Ukigonga mutu, inalipa. Ukivunja jeep yenyewe, inalipa. Na dereva mwenye kujua barabara za Masisi juu yake. Edmond alicheka. "Eti assurance bei ile! Wanaona mutu ametoka Ulaya, wanafikiri iko muti ya kutikisa. Niko na carte ya benki yangu, inafunika magari ya kukodi dunia nzima!"

Audio ya pili iko na sauti ya chini kidogo. Alikuwa amepigia benki. Dunia nzima ya benki haifike Kongo. Na haipendi jeep kwa barabara ya udongo.

Audio ya tatu, furaha imerudi. Alizunguka bureau kwa bureau mpaka akapata kamoja kadogo nyuma ya duka ya matelas, kanauza assurance ya chini kabisa, ile polisi inaomba kwa barrière, basi. Inalipa wale umegonga. Jeep yako, hapana. Famille ya mwenye kuendesha, hapana, mpaka mashemeji. "Nani anagongaka famille yake?" akasema. "Na dereva wa nini? Mimi naendesha autoroute, barabara kubwa za Ulaya! Ninyi ndugu zangu munaibiwa juu hamujue kuuliza bei."

Kwa dhamana, mwenye jeep alibakia na passeport yake.

Annonciata alisikiliza ile audio mara mbili, akarudisha simu kwa mufuko, akaendelea kupalilia.

Autoroute ilifika Karuba siku ya alhamisi, na mvua. Mwenye kujua ile kilima, mvua ikinyesha, anaacha gari kwa chini, anapanda na miguu. Edmond alipanda na moteur. Pale juu ya shamba ya Annonciata udongo iko kama sabuni. Jeep ilianza kuteleza pole pole, mugongo mbele, kama mulevi anatoka kwa nyumba ya kasiksi. Ilivunja lupango, uzio ya nyumba, ikalala juu ya maharagi, ikabomoa jiko, na ikasukuma ngombe ya Annonciata kwa mutaro. Ngombe ilikuwa na mimba. Ilikufa pale pale.

Edmond alitokea kwa dirisha, viatu vyeupe, uso wa majivu. Neno yake ya kwanza ilikuwa, "Jeep ni ya kukodi!"

Annonciata alikuwa amepiga magoti kando ya ngombe, mukono juu ya tumbo yake. Aliangalia juu.

"Karibu, shemeji," akasema. "Umesalimia vizuri."

Chefu wa kijiji alikuja na mwavuli yake. Huku haina majadiliano: gari imeua, gari inabakia mpaka mambo isemwe kwa barza, mukutano wa kijiji. Vijana waliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Edmond alipiga kelele juu ya avion yake, ndege ya jumatatu. Kijana mumoja akamuambia, "Papa, panda ile autoroute, itakufikisha."

Kesho yake, mangaribi haijafika, Edmond alikuja kwa nyumba ya Annonciata na Fanta mbili. Alikaa kwa kiti ya chini, magoti karibu na masikio.

"Mama Nicole," akaanza. Nicole ni binti mukubwa wa Annonciata. Edmond hakuwahi kumuita hivyo tangu kilio.

"Sema."

"Mutu wa assurance anakuja kesho kwa barza. Ngombe yako, jiko, maharagi, yote atalipa. Ila kuko kitu kidogo. Assurance hailipe famille. Kwa hiyo atakuuliza. Useme tu hatuna undugu."

"Hatuna undugu."

"Njo hivyo! Ni maneno ya assurance tu. Wewe unapata yako, mimi naenda na jeep. Mambo ya nyumbani inabakia kama ilivyo."

Annonciata alifungua Fanta na meno, akakunywa, akapanguza mudomo. Ndani yake kitu ilisimama wima. Miaka miwili alitafuta panga ya kukata ile kamba ya ngombe za mahari, na huyu mujinga amemuletea panga mwenyewe, akashika upande wa makali.

"Mimi sitaanza kusema," akasema. "Mimi ni mwanamuke, nani atanisikia? Sema wewe, mukubwa wa nyumba. Kwa barza, kwa sauti. Kisha mimi nitajibu."

"Utajibu vizuri?"

"Nitajibu kweli."

Edmond alifikiri. Barza ni asubui, na Papa Evode anakuja kulipia shamba kisha ya chakula. Hatasikia. "Sawa, Mama Nicole. Wewe iko na akili."

Alipopita kona, Annonciata aliita motard wa jirani, kijana wa pikipiki. "Nenda kwa Papa Evode. Umuambie kesho akuje asubui, kwa barza. Umuambie ni mambo ya ile shamba anataka."

Kwa barza watu walikuwa wengi kuliko misa. Chefu katikati. Kando yake Tantine Fifi, shangazi ya Edmond, muzee wa nyumba yao, mwenye alipeleka zile ngombe za mahari na fimbo yake mwenyewe. Papa Evode alikaa nyuma na kofia yake ya cow-boy. Edmond alimuona, akameza mate, lakini mutu wa assurance alikuwa amekwisha kufika. Kijana mumoja anaitwa Élie, suruali matope mpaka magoti, moto, ile pikipiki, ilimuangusha mara mbili.

Élie alipima jiko, akapiga ngombe picha, akarudi. "Bon. Monsieur Edmond. Huyu mama uliharibia, iko wa famille yako?"

Edmond aliongea kama anaungama. "Hapana."

"Sauti, Monsieur!" Annonciata akasema. "Watu wa nyuma hawasikie."

"Hapana! Si wa famille yangu!"

Tantine Fifi aligeuza kichwa pole pole.

"Edmond, mutoto wangu. Unasema nini? Mimi na hii mukono nilitoa ngombe juu yake."

"Tantine, tafazali…"

"Jibu!"

Edmond aliangalia Élie, kalamu juu. Aliangalia jeep. "Luc alikufa, Tantine. Mambo iliisha naye. Huyu mama si wa nyumba yetu. Hata simujue vizuri."

Tantine Fifi alitema mate pembeni. "Umesema mbele ya chefu na mbele ya watoto. Mimi njo nilizipeleka, mimi njo naziachilia. Ngombe zetu haziko tena kwa huyu mwanamuke. Akae na amani."

"Barza imesikia," chefu akasema.

Papa Evode alisimama, akapanguza kofia. "Edmond, ulitaka kuniuzia shamba ya muke wa nyumba yenu. Sasa si wa nyumba yenu. Unaniuzia nini, upepo?" Watu walicheka. Hakungojea jibu. Akapanda moto yake, akaenda kutafuta kilima ingine.

Shamba ilibakia kwa mwenye shamba. Lakini Annonciata hakukuwa amemaliza.

Edmond alijikaza. Shamba imeenda, sawa, bado iko jeep na avion. "Élie, andika basi. Amesikia kila mutu."

Élie aligeukia Annonciata. "Mama, na wewe unakubali? Hakuna undugu kati yenu?"

Jirani alimufinya mukono. "Sema hakuna," akanong'ona. "Kamata feza ya assurance, mambo iishe."

Ilikuwa rahisi. Neno moja, assurance inalipa mbio, Edmond anapanda jeep yake na kurudi Liège kuhadisia watu namna alipata bei nzuri. Annonciata alimuangalia. Edmond alikuwa amekwisha kutabasamu, mukono moja kwa mufuko, simu kwa mukono ingine, kidole inacheza juu ya kioo. Simu ile ile yenye hakujibu Luc alipogonjwa. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

"Kijana yangu," Annonciata akasema, "leo hakuna undugu. Mumesikia wenyewe ameukata, saa hii hii. Lakini unaniuliza juu ya ngombe. Ngombe ilikufa alhamisi. Alhamisi nilikuwa bado shemeji yake. Tantine Fifi iko hapa, umuulize."

"Alikuwa muke wa Luc wetu," Tantine Fifi akasema. "Alhamisi, ndiyo."

Élie alifunga kalamu. "Assurance inaangalia siku ya accident. Basi hailipe."

"Mama Nicole!" Edmond akapiga kelele. "Tulipatana!"

"Tulipatana nijibu kweli. Na hiyo Mama Nicole, uwaachie watu wa nyumbani."

Chefu hakukawia. Edmond atalipa mwenyewe: ngombe kwa ngombe, yenye mimba kwa yenye mimba, na jiko, na mbegu. Mwenye jeep, kwa simu kutoka Goma, alisema alipwe yake pia, milango mbili na radiateur, kisha passeport itatoka. Ile assurance ya mwanzo ingelipa jeep yote, na dereva wake angeacha gari kule chini. Mutu mumoja alimukumbusha Edmond hivyo. Edmond akamutukana kwa kifransa.

Jumatatu avion ilienda bila Edmond.

Jumanne Edmond alipanda kilima na kamba mukononi, anavuta ngombe kutoka soko. Viatu vilikuwa vimekwisha kuwa rangi ya Masisi. Annonciata aliacha jembe. Alizunguka ngombe pole pole. Alifungua mudomo yake, akahesabu meno. Alipapasa tumbo, akaweka sikio, akakaa pale muda murefu, macho yamefungwa.

"Haina mimba," akasema.

"Muuzaji aliapa iko na mimba!"

"Uliuliza bei, hukuuliza ngombe. Rudisha."

"Annonciata, nakuomba. Soko ni mbali. Mvua inakuja."

Alikuwa amekwisha kumupa mugongo. Nyuma yake alisikia kamba inavutwa, ngombe inakataa, mutu anaanguka chini na matako, watoto wanacheka kule kwa njia. Hakugeuka. Mustari wa maharagi yenye jeep ililalia ilikuwa inahitaji kupandwa upya, na udongo ilikuwa bado laini.