Kumfundisha Baba Ng'ombe Wake

Kaka yangu anaishi Arusha na ana ushauri kwa kila kitu. Baba alipoanza kusahau, akawa ananitumia maelekezo kwa simu: mzee ale samaki, alale mapema, ajaze mafumbo ya gazeti. Samaki! Huku Tlawi gazeti lenyewe linafika likiwa limefungia nyama. Nikamwambia aje ayajaze yeye.

Shida yetu haikuwa mafumbo, ilikuwa ng'ombe. Zamani baba alimweka ng'ombe mwekundu kwa rafiki yake wa Bashay, kama watu wa kwetu wanavyofanya. Anayefuga anakunywa maziwa na kuchukua mbolea. Ndama wanabaki kuwa wa mwenye ng'ombe. Hakuna kuandikiana. Mwenye mali akitaka kurudishiwa, anakaa mbele ya wazee na kutaja uzao wote kwa mdomo wake, nani kamzaa nani. Sasa huyo rafiki, mnafiki asiye na haya, alisikia kwamba baba anasahau, akaanza kutangaza kuwa ng'ombe alikufa bila kuzaa. Akaitisha kikao yeye mwenyewe, tena haraka, ili baba ashindwe mbele ya wazee. Sisi zizini tulikuwa tumebaki na mbuzi tu.

Mimi niliujua uzao ule tangu utotoni, maana baba aliutaja kila alipokunywa pombe. Lakini nani angenisikiliza? Mdomo uliotakiwa ni wa baba.

Basi nikamfundisha, bila huruma. Kila ng'ombe nilimpa mahali pake nyumbani. Mwekundu nikamsimamisha mlangoni, penye udongo mwekundu. Binti yake mweusi nikamweka jikoni, kwenye masizi. Mjukuu wa kijivu akakaa nyuma ya nyumba, tunapomwaga majivu. Tukawa tunatembea, baba na fimbo yake, mimi nyuma yake kama askari.

"Baba, jikoni yuko nani?"

"Unanifanya mtoto wa shule?"

"Yuko nani?"

Sikumtajia jibu upesi. Nilikuwa nimeona kwamba nikimtajia linapotea, lakini akilihangaikia mwenyewe linakaa. Akitukana, nilimwacha anywe uji, kisha nikamuuliza tena. Nilimtaka aseme kwa sauti, mbuzi wenyewe wasikie. Siku nyingine alilia kwa hasira na mimi nikalia upande wangu, halafu tukarudi mlangoni.

Siku ya kikao, uani kwake Bashay, yule rafiki alikaa mbele kabisa, amevaa koti.

"Wazee wangu, mnamsumbua bure huyu," alisema. "Amechanganyikiwa. Mwulizeni hata leo ni siku gani."

Wakamwuliza. Baba hakujua ni siku gani. Watu wakacheka, na yule mshenzi akacheka kuliko wote.

Baba akafumba macho. Nikaona fimbo yake ikigusa chini, taratibu, kichwani anatembea nyumbani kwake, akitaja kwa sauti. Mlangoni, mwekundu aliyevunjika pembe. Jikoni, mweusi mwenye baka usoni. Nyuma ya nyumba, wa kijivu. Akafumbua macho, akanyoosha fimbo kwenye zizi la rafiki yake: "Yule pale."

Hakuna aliyecheka. Wazee waliomkumbuka yule mweusi walitikisa vichwa kukubali, na ng'ombe wa kijivu akafunguliwa. Yule rafiki akaingia ndani bila kuaga. Nilitamani kumfuata nimtemee mate.

Nikaenda kushika kamba. Baba akanitazama vizuri, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama," alisema. "Asante kwa kunishikia ng'ombe. Umetoka mbali?"

Watu wote walikuwa wanatutazama. Nikaitikia marahaba.

Yule wa kijivu yuko zizini kwetu sasa. Kila asubuhi baba anakwenda kumtajia mama yake na bibi yake, hakosei hata mmoja. Akimaliza anageuka na kuniamkia mimi. Namchukia yule ng'ombe, na ndiye ninayemkamua.