Nilienda research ya ng'ombe Kajiado, nikarudi nikijua kuuliza baba yangu maswali

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Hii ni yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Niko third year. Lec wetu alikuwa anatafuta wanafunzi wa kuzunguka maboma ya Kajiado, tuulize watu vile mifugo ilipita kiangazi. Baba yangu ako na hardware, na likizo mimi ndio huuza misumari. Alicheka sana. "Enda wiki moja. Ukirudi mikono mitupu, hiyo mambo ya research imeisha, unarudi kwa counter."

Basi mimi huyo, confidence kama ya mbunge, boma ya kwanza: "Sopa, mzee. Uko na ng'ombe wangapi?"

Mzee akaniangalia kama mtu ameingia kwa kitanda na viatu.

"Wako."

"Wako wangapi?"

"Wako tu."

Boma ya pili, wako. Ya tatu, wako. Woiye! Data yangu yote ilikuwa neno moja, na nilikuwa naona counter ikiniita.

Mama wa hiyo boma ya tatu ndiye alinionea huruma. Akaniambia huko hutaji hesabu ya ng'ombe, ni kama unawaitia mabaya.

Kesho yake nilirudi kwa yule mzee wakati wa kunywesha. Nikakaa kando, nikaangalia. Halafu nikauliza, "Na huyu mwekundu wa pembe moja, alipita kiangazi aje?"

Weh! Mzee akafunguka. Huyo mwekundu, mama yake, dada yake alianguka wakitafuta nyasi. Mmoja baada ya mwingine, mpaka mkono wangu ukachoka kuandika.

Nikarudi home. Baba ako kwa counter, ananingoja na kicheko chake. Nikamuuliza vile huwa namuuliza, "Biashara iko aje?"

"Iko tu."

Haiya! Kumbe hata sisi tuko na mzee wetu.

Nikajaribu tena. "Na yule fundi wa Tuala alikuwa anakuja kila asubuhi, siku hizi ako wapi?"

Baba akaweka kikombe cha chai kwa counter. Halafu akaanza. Fundi amekosa kazi. Mteja mwingine amehamia duka mpya ya ng'ambo ya barabara. Chai ikapoa akiongea. Wakuu, niliumia. Miaka yote nauza misumari hapo na sikujua anabeba hayo yote peke yake.

Mwishowe akaniuliza, bila kucheka, "Hao wazee wa Kajiado, unarudi kwao lini?"

Kwa hivyo nyinyi mko campus, lec akitafuta watu wa research, inua mkono, hata kama ni ya kupe. Darasani tunafunzwa kujibu. Kuuliza nilifunzwa na ng'ombe.

Haya, semeni. Kwenu ni nani hujibu "iko tu"?