Kochi la Tausi Aliyekatika Mkia

Kazi yangu ni kuingia nyumba za watu na kusema kama umaskini wao unatosha. Wenzangu ofisini hulipaka jambo hili asali, wanasema tunatathmini kaya. Mimi nalisema lilivyo. Kuna msaada wa kila mwezi kwa wazee wasiojiweza, na wazee ni wengi kuliko msaada, kwa hivyo lazima mtu apande boda hadi Subukia, apige hodi, ahesabu vitu vya mwenyewe huku mwenyewe akimwangalia. Mtu huyo ni mimi. Nilimaliza fomu foo, kidato cha nne, nikaishia hapo, nina mtoto anayenyonya na baba yake simjui yuko wapi wala sitafuti, na nikikasirika ndipo ninapofanya kazi vizuri. Mwaka huo nilifanya kazi vizuri sana.

Tunabeba tableti. Inauliza ukuta ni wa nini, paa ni la nini, kuna ng'ombe, kuna redio, kuna makochi. Kila jibu lina alama zake, na alama zikizidi mtu anatoka kwenye orodha. Siku ya kufundishwa, mkubwa wangu alisimama mbele yetu pale Nakuru akatuambia tuwe macho. Watu wa vijijini ni wajanja, alisema, wakisikia afisa anakuja wanapeleka ng'ombe kwa jirani.

Nikainua mkono nikamwambia hajawahi kuwa maskini. Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba maskini wa kwetu akisikia mgeni anakuja hafichi kitu, anaazima. Mama yangu, siku pasta alipotutembelea, aliazima vikombe, akaazima kitambaa cha meza, akaazima hata kalenda kwa sababu yetu ilikuwa ya mwaka uliopita. Mkubwa akasema hiyo ni hadithi. Tuandike tunachoona.

Sawa. Nikaenda kuandika ninachoona.

Shosho mmoja alikuwa anaishi chini ya shamba la kahawa, yeye na mjukuu wake, msichana ambaye mama yake alifariki. Shosho alikuwa amewalea wote wawili, mama na mtoto, kwa kuchuma kahawa ya watu. Sasa magoti yalikuwa yamemkatalia, na mjukuu alikuwa ameanza kukosa shule ili akachume badala yake. Naibu chifu ndiye aliyeniambia hivyo njiani. Shosho mwenyewe alisema karibu tu.

Nikaingia nikakaribishwa kwenye kochi la rangi ya damu ya mzee, kubwa hadi mlango ulikuwa haufunguki vizuri. Lilikuwa limetandikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, na juu ya kile cha katikati kulikuwa na tausi aliyekatika mkia, uzi umefumuka. Chupa ya chai mezani. Vikombe vyenye visahani.

Mimi na huyo tausi tulikuwa tunajuana. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemwegemea kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto.

"Shosho," nikamuuliza, "hili kochi ni lako?"

"Ni langu."

"Jana nimelikalia kwa mzee wa ng'ambo."

"Ndiyo. Ni la bibi yake pia."

Akanieleza bila haya, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Chama chao cha akina mama kilichanga kwa muda mrefu kikanunua kochi, vikombe na chupa. Mwenye posa nyumbani analichukua. Mwenye pasta analichukua. Linabebwa kwa mkokoteni, na mvua ikinyesha linafunikwa kwa turubai. Wiki hiyo wageni wa serikali walikuwa wanazunguka, kwa hivyo kochi lilikuwa linanitangulia mimi, nyumba kwa nyumba.

Nikamwomba aseme si lake, nijaze nitoke. Akaniangalia kama nimetukana.

"Nilichanga. Nitakataaje kitu changu?"

Nikajaza. Tableti ikafikiria, ikamkataa papo hapo.

Jioni nikampigia mkubwa wangu. Nilimweleza kochi, chama, mkokoteni, kila kitu. Alinisikiliza vizuri, hilo sitamnyima. Halafu akauliza kama mama mwenyewe amekubali kochi ni lake. Nikasema ndiyo. Akasema basi. Nikamwambia kuna mtoto anachuma kahawa badala ya kusoma kwa sababu nyanya yake ni mkweli na mkarimu. Akaniambia nipunguze sauti. Sikupunguza. Mtoto wangu mgongoni aliamka akaanza kulia, tukawa wawili.

Lakini mimi nasoma vitu. Kanuni zile zile anazopenda kunitajia zinasema aliyekataliwa anaweza kukata rufaa, na rufaa inasomwa mbele ya baraza la kijiji, na baraza ndilo linaloamua. Nikamwandikia shosho rufaa. Zinasema pia afisa arudi nyumbani kwa mwenye rufaa kabla ya baraza. Hazisemi arudi akiwa ametangaza.

Nilirudi Jumamosi, bila boda ya ofisi, bila kumwambia naibu chifu, mtoto nimemfunga kwa leso. Sikupitia mlango wa mbele. Nilizunguka nyuma hadi jikoni, kibanda cha mbao kilichojaa moshi, mahali wanapoingia watu wa nyumbani. Shosho alikuwa amekaa kwenye jerikeni iliyogeuzwa. Alishtuka, akaanza kuinuka kutafuta kiti.

"Usiinuke," nikamwambia. "Leo sijakuja kama mgeni. Nipe kisu nimenye viazi."

Alinipima kwa macho, kisha akanipa kisu. Mjukuu alikuwa kwa kahawa, Jumamosi nzima. Nikamenya. Shosho akamchukua mtoto wangu, akamkaripia mtoto kwamba mama yake anamenya maganda mazito kama mtu wa hoteli. Nikasema mama yake anasikia. Akasema ndiyo maana anasema.

Huko jikoni kila kitu kilitoka chenyewe. Wanakula mara moja wakati mwingine. Mjukuu halali vizuri siku za mvua, bati linavuja upande wake. Nikaomba kuingia nyumba kubwa, akaniruhusu. Pale kochi lilipokuwa palikuwa na benchi moja na gunia la majani ya ng'ombe wa mtu. Nikapiga picha.

"Na kochi?" nikamuuliza.

"Limeenda kwa posa."

"Wewe umelikalia mara ngapi tangu mnunue?"

Alicheka hadi akamkabidhi mtoto kwangu.

"Mimi? Kochi la wageni nilikalie na nguo za shamba?"

Nilitaka jibu hilo liandikwe mahali. Kwenye tableti hakuna mahali pake.

Siku ya baraza mkubwa wangu alikuja mwenyewe kutoka Nakuru, gari la ofisi, viatu vinang'aa. Nadhani alikuja kuniona nikianguka. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi, na mbele, chini ya turubai, walikuwa wamemwandalia mahali pa kukaa. Nilipoona nilikohoa ili nisicheke. Akakaa, akajinyoosha, akaweka mkono wake juu ya tausi.

Nikasoma majina. Nilipofika la shosho, mwanamume mwenye duka pale senta alisimama akasema huyo hafai. Ana kochi kubwa, alisema, yeye mwenyewe aliliona likiingia kwake. Watu wakanung'unika. Mkubwa wangu akanigeukia na uso wa kuniambia si nilikwambia.

Ningeweza kujibu. Maneno nilikuwa nayo, mengi na makali. Lakini shosho alikuwa tayari anainuka, mkono mmoja kwenye goti, na mimi nikamwachia nafasi. Si jambo ninalolifanya mara nyingi.

"Ni kweli nina kochi," akasema. "Na huyu ana kochi." Akamwonyesha mama aliyekaa karibu naye. "Na yule. Na yule wa leso nyekundu. Na mke wako, chifu, analo."

Naibu chifu akaangalia viatu vyake.

"Mkitaka kuliona," shosho akaendelea, "ndilo hilo mgeni wetu amekalia. Asiinuke, akae tu, tumemletea yeye."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana, kikaja mbele kama maji. Hata mwenye duka alicheka. Mkubwa wangu alikuwa ameshainuka nusu, akawa hajui kama aketi au asimame, na tausi amemshika kifungo cha koti kwa ule uzi wake uliofumuka. Mwenyekiti wa chama alikwenda kumfungua polepole, asiharibu kitambaa.

Naibu chifu akauliza nani anamkataa shosho. Hakuna. Nani anamkubali. Mikono. Mwenye duka naye aliinua wake, nadhani kwa sababu mke wake alikuwa anamwangalia. Nikampa mkubwa tableti aweke kibali cha rufaa. Aliweka. Mimi niliacha uso wangu useme.

Nikamwita shosho aje akalie kochi lake, walau leo. Alikataa kabisa. Wageni hawajaondoka, akasema, yeye atakaaje? Akaniomba badala yake nimwambie mjukuu, kwa mdomo wangu wa serikali, kwamba Jumatatu anaenda shule. Nikamwambia. Msichana aliangalia vidole vyake vyeusi vya kahawa, akauliza kama ni Jumatatu hii.

Ni hiyo.

Kabla ya kuondoka niliwakusanya akina mama wa chama nikawagombeza vizuri. Wiki ijayo naenda nyumba za juu ya kilima, niliwaambia, na sitaki kuona kochi. Libaki mahali lilipo. Wakaitikia wote, ndiyo mama, tumesikia mama.

Jumanne nilifika nyumba ya kwanza kilimani. Mkokoteni ulikuwa umeegemezwa ukutani, magurudumu bado yana matope mabichi, na kupitia mlangoni nilimwona tausi ananingoja. Mwenye nyumba alitoka na tabasamu, akisema karibu, karibu ndani.

Nikamsalimia, nikapita moja kwa moja hadi jikoni, nikaomba kisu.